Sauti Chini ya Gari la Habiril

Pale kijijini Titari, kando ya mto Aldan, gari likianza kulia vibaya baada ya safari ya theluji, mwenyewe alilipeleka hadi getini kwa Habiril, akaliacha likiunguruma, akaingia ndani kunywa chai ya maziwa. Habiril alitoka na kofia yake ya manyoya imelazwa upande, ili sikio la kulia libaki wazi hata siku zile ambazo pumzi ya mtu huganda mbele ya mdomo ikawa vumbi. Alilizunguka gari polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua farasi kabla ya kumnunua. Kisha alichukua fito lake la msonobari, akaegemeza ncha moja kwenye injini na ya pili sikioni, akafumba macho.

"Usukani ndio unaolia," alimwambia mmoja. "Oili yake imekuwa nzito kama asali. Usiuzungushe kwa nguvu, uache upate joto kwanza."

Mwingine alimwambia, "Hiyo du-du-du ni matairi. Yamelala usiku kucha yakagandia umbo la ardhi. Nenda pole mpaka kule makaburini, yatarudi kuwa duara."

Kwa mwingine alichuchumaa tu, akagonga gurudumu kwa nyundo, na pande la theluji lililogandia ndani ya ringi likadondoka. "Ulikuwa ukikimbia linatetemeka, sivyo? Haya, kamalize chai yako uondoke."

Watu walisema Habiril anasikia mpaka kutu ikila chuma. Yeye hakuona kwamba masikio yake ndiyo ajabu. Ajabu kwake ilikuwa chuma chenyewe: jinsi kinavyojikunja kwa baridi, kila kipande kwa kadiri yake, mpaka vyuma vilivyopatana vizuri wakati wa kiangazi vinaanza kusukumana na kupigiana kelele. Kila asubuhi ya Januari gari lilelile lilikuwa gari geni, ikambidi alijue upya. Jambo hilo halikumchosha miaka yote aliyoendesha gari la zahanati, wala baadaye aliponunua gari lake mwenyewe, la kijivu, lenye umbo la boflo, ambalo watu wa huko huliita mkate.

Uwezo wa kusikia ulianza kumtoka kidogo kidogo. Kwanza aliacha kuwasikia mbu, na kwa kuwa mbu wa Aldan wakati wa kiangazi ni wengi kuliko majani, alishukuru. Baadaye birika lilichemka mpaka likakauka naye amekaa pembeni yake. Mkewe Ogdo alimwita kutoka zizini asiitike, akadhani amenuniwa, naye akanuna. Habiril hakumwambia mtu. Aliendelea kuegemeza fito sikioni na kufumba macho, lakini sasa alisikiliza zaidi kwa viganja, na pale viganja vilipokwama alibahatisha.

Ndipo alipokuja Sargilana, muuguzi wa zahanati, na gari lake dogo linalopiga ukelele. Habiril aliweka fito, akatikisa kichwa, akasema, "Baridi tu hiyo. Itaisha."

Ulikuwa mkanda wa feni. Ulikatika katikati ya msitu, mbali na kijiji chochote, na injini ikazima. Sargilana alichoma tairi la akiba kando ya barabara, akachoma na mazulia ya gari, mpaka lori la kuni likamkuta. Vidole viwili vya mguu wake havikupona. Alipoweza kutembea alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Habiril, akakaa mezani.

"Siku ile ulisikia, au hukusikia?" alimuuliza.

Habiril alimtazama midomo. "Sikusikia," alisema. "Sisikii siku nyingi."

Sargilana alikunywa chai yake taratibu mpaka ikaisha, akamshika Habiril begani, akaenda zake. Angemtukana ingekuwa nafuu. Tangu siku hiyo geti lilifungwa. Aliyeleta gari alikuta fito limetupwa juu ya dari la banda na Habiril anapasua kuni, mgongo umeelekezwa barabarani.

Aliyelifungua geti lile ni Ogdo, na hakukusudia. Ogdo alikuwa mkamuaji wa ng'ombe, hajui difu wala klachi, lakini kwa kupiga homusi hakuwa na mwenzake hapo kijijini. Homusi ni kile kichuma chenye ulimi mwembamba, unakishika kwa meno na kuupiga ule ulimi kwa kidole. Ogdo alikifanya kilie kama mtoto wa farasi, kama upepo mlangoni, kama bata anayeshuka ziwani. Hata bila homusi, kwa mdomo wake mtupu, aliwahi kuwadanganya bata wa kweli. Habiril alikuwa hajausikia muziki huo kwa miaka, na Ogdo alikuwa ameacha kuupiga mbele yake, kwa kumhurumia.

Siku moja Habiril alikikuta kile kichuma mezani, akakishika kwa meno bila kuwaza, akaugusa ulimi wake. Ogdo alikuwa anakanda unga. Alimwona mumewe ameganda, macho yamemtoka.

"Kuna nini? Umejikata?"

Habiril aliupiga tena. Sauti ilikuwa imejaa kichwani mwake, nzima, safi, kama zamani. Haikupita masikioni hata kidogo. Ilipanda kwa meno, ikaingia kwenye mifupa.

"Bibi," alisema polepole, "panda darini uniletee lile fito. Hapana, kaa. Nitapanda mwenyewe."

Basi akawa anatia fito menoni badala ya sikioni, na injini zikarudi kuzungumza naye. Mtu wa kwanza Habiril kumwita alikuwa Sargilana, na safari hii alimsikilizia gari lake mpaka chai ikapoa mezani. Lakini ziko kelele zinazotoka gari likiwa mwendoni tu, na mtu hawezi kuendesha huku ameng'ata fito. Kwa hizo alimchukua Ogdo, akamkalisha pembeni. Yeye aliendesha, Ogdo alisikiliza, kisha akamwigia kwa sauti kubwa karibu na sikio la kulia, lililobakiwa na uhai kidogo. Yasiyosikika Habiril aliyasoma midomoni.

"Krrr-tik, krrr-tik," Ogdo alisema.

"Kwenye kona au hata tukienda moja kwa moja?"

"Kwenye kona. Kama mbuzi anatafuna karanga."

"Nimeelewa."

Watu walikuja na magari mazima ili tu wamsikie Ogdo. Jirani yao Mitere, mfuga farasi, mwenye mdomo usiochoka, alimwambia, "Shemeji, wewe ukifa tutamwajiri kasuku." Ogdo alimjibu kwamba kasuku huchagua watu wa kukaa nao, asingekubali.

Mwishoni mwa Machi walifunga safari kwenda mjini kwa mtoto wao Dulus, ambaye mkewe alikuwa amejifungua. Walipakia samaki waliogandishwa, wamesimamishwa ndani ya gunia kama kuni, na paja la farasi, na Mitere akajibanza nyuma juu ya mizigo, kwa kuwa alikuwa na shughuli zake huko. Njia ilikuwa mto wenyewe, ulioganda. Siku hizo jua huwa limekwisha kupata nguvu, theluji inaumiza macho, na wakati huohuo asubuhi baridi bado inang'ata kama Januari. Mwaka ule upepo ulikuwa umefagia mto. Kwa mwendo mrefu hapakuwa na theluji kabisa, ilikuwa barafu tupu, nyeusi, yenye nyufa nyeupe zilizozama ndani kama mizizi.

Walikuwa wameshapita majabali mekundu Ogdo alipomgusa Habiril goti.

"Achia mafuta kidogo."

Akaachia.

"Sasa kanyaga."

Akakanyaga.

"Ukiachia inalia, ukikanyaga inapotea."

"Difu hiyo," Mitere alidakia kutoka nyuma. "Nilisema tangu wakati wa kukata nyasi. Difu ya gari hili imezeeka kuliko mwenye gari."

Kweli, kelele inayokuja ukiachia mafuta mara nyingi ni ya difu, zile gia zinazozungusha magurudumu ya nyuma, na Habiril alishawaza hivyo kabla ya Mitere. "Ifanye," alimwambia mkewe.

Ogdo alifungua mdomo. Alijaribu mluzi, akaacha. Alijaribu kuvuta pumzi ndani, akaacha. Alipandisha sauti nyembamba kooni, akatikisa kichwa.

"Siwezi."

Habiril alimtazama mpaka gari likaanza kwenda upande. Ogdo alishamwigia beringi iliyokufa, ekzosi iliyotoboka, hata pistoni. Hakuwahi kusema hawezi.

"Inafanana na nini?"

"Haifanani na kitu."

"Inatoka mbele au nyuma?"

Ogdo alisikiliza kwa muda. "Inaanza mbele, mbali. Inapita chini ya miguu yetu, halafu inakwenda zake nyuma."

"Shemeji, sauti ya gari haipiti," alisema Mitere. "Inakaa na gari lake." Lakini na yeye alikuwa amesogea mbele, kichwa katikati ya viti viwili, na alikuwa ameacha kutabasamu.

Habiril alisimamisha gari. Aligonga ringi zote kwa nyundo. Theluji iliyokuwemo ilikuwa kiganja kimoja tu. Alilala chali juu ya barafu akaingia chini, akaishika propela, chuma kirefu kinachozungusha difu, akaitikisa. Haikucheza. Alivua glavu akaweka mkono juu ya difu. Ilikuwa na joto la mkate uliotoka kwenye jiko zamani kidogo, joto la kawaida la difu inayofanya kazi yake. Beringi iliyokufa ingemuunguza. Alitia fito menoni akasikiliza injini, gia, kila kitu. Kila kitu kilikuwa salama.

"Bado ipo?" aliuliza akitoka chini.

"Bado," alisema Ogdo. "Sasa hivi imepita tena."

Habiril alijipangusa magoti. "Nazima."

"Unazima nini?" Mitere aliuliza.

"Injini."

"Habiril, huku nyuma tuna samaki waliogandishwa wa kutosha. Tusiongeze wengine watatu."

Kuzima gari katikati ya mto wakati wa baridi ni jambo ambalo mtu mwenye akili zake halifanyi, na Habiril hakuwahi kulifanya maishani. Lakini jua lilikuwa juu, na gari lilikuwa limepata moto vizuri. Akazungusha ufunguo.

Yeye hakuona tofauti kubwa. Aliona tu gari limeacha kutetemeka. Kisha aliona Ogdo na Mitere wamegeuza vichwa kwa pamoja upande wa juu wa mto, kama farasi wawili waliosikia kitu kimoja. Vichwa vile viligeuka polepole, vikifuata jambo lisiloonekana, mpaka vikaelekea upande wa chini. Mitere akavua kofia yake katika baridi ile. Ogdo aliweka mkono mdomoni.

"Ni nini?" Habiril aliuliza. "Niambieni."

Ogdo alitoa mkono ili mumewe aone midomo. "Ni mto."

Watu wa Aldan wanaijua barafu. Wakati wa vuli, ikiwa bado changa, hulia na kupasuka, na watoto huishangilia. Lakini kufika Machi mto huwa umelala chini ya theluji nene, umenyamaza. Mwaka ule mto ulikuwa umevuliwa nguo, jua likaupiga uchi, na ule unene wote wa barafu, kutoka ukingo hadi ukingo, ulikuwa unajinyoosha na kulia. Gari halikuwa na ugonjwa. Habiril alipokanyaga mafuta injini iliufunika mto, alipoachia ukasikika.

Alichukua fito. Alifuta barafu kwa kiwiko, akasimamisha ncha moja, akapiga magoti, akang'ata ncha ya pili.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha sauti ikaja kutoka mbali sana, nyembamba, ya juu, inakimbia kwa kasi kuliko gari lolote, na kadiri ilivyokaribia ikawa inashuka, inanenepa, mpaka ilipopita chini yake ikawa nzito kiasi cha kumtikisa kifua. Kabla haijafa, nyingine ikaijibu kutoka ng'ambo. Kisha ya tatu. Maisha yake yote Habiril alikuwa amesikiliza vitu vinavyoweza kukumbatiwa: injini, gia, gurudumu. Sasa alichokuwa amekiweka menoni hakikuwa na mwisho. Kilianza nyuma ya majabali na kuishia asikokujua, naye alikuwa juu yake kama sisimizi aliyepanda juu ya ngozi ya ngoma. Na alikuwa anasikia. Si nusu, si kwa kubahatisha. Alisikia mpaka mikwaruzo midogo kabisa ya nyufa zinapokutana. Machozi yalimtoka yakagandia kwenye kope, na hakuthubutu kuinua mkono kuyafuta, asije akalitikisa fito.

Lori la unga lilisimama nyuma yao. Kwenye njia ile hakuna anayelipita gari lililozimwa. Dereva alishuka, kijana mnene aitwaye Prokop, akamwona mzee amepiga magoti ameng'ata mti.

"Mama, mzee anaumwa?"

"Anasikiliza," Ogdo alimwambia.

"Anasikiliza nini kwa meno?"

"Mngoje amalize, utang'ata na wewe."

Habiril alikuwa amenyanyuka, ila hakuwa anawatazama. Alisogea mbele hatua kadhaa, akaweka fito, akasikiliza. Akasogea tena. Uso wake ulikuwa umebadilika. Ogdo aliujua, ni ule uso wa getini, wa kuzunguka gari la mtu. Chini ya ule mwimbo mkubwa alikuwa ameanza kupata kitu kingine, kidogo, kisichopanda wala kushuka. Ilikuwa shshsh, inayokwenda bila kupumzika, kama beringi iliyoishiwa grisi. Kila alivyokaribia kona ya mto, pale theluji ilipokuwa imejikusanya tena na njia imepita juu yake, ndivyo ilivyozidi. Na mwimbo wenyewe ulipofika pale, ulikatika. Haukupita.

Alirudi akamwambia Mitere, "Nipe mtaimbo."

"Mtaimbo wa nini?"

"Pale mbele barafu si moja. Ziko tabaka mbili, na katikati yake maji yanatembea."

Prokop alitazama njia. Theluji ilikuwa nyeupe, tambarare, na alama za matairi ya jana zilionekana wazi zikipita juu yake. "Mzee, jana nimepita hapa na mzigo huuhuu."

"Jana," Habiril alisema, na akatangulia.

Walikwenda wote watatu, wameachiana nafasi, Ogdo akibaki kwenye gari. Habiril aliweka fito mara ya mwisho, akarudi nyuma hatua moja, akamwonyesha Mitere mahali. Mitere aliinua mtaimbo akaushusha. Uliingia kama kisu kwenye siagi ukataka kumtoka mikononi. Maji yalipanda kwenye tundu, yakatandaa juu ya theluji, yakaigeuza rangi ya kijivu, yakaendelea kuja mpaka yakafika kwenye viatu vyao vya manyoya, wakarudi nyuma.

Prokop aligeuka akalitazama lori lake na magunia yake, kisha akayatazama maji. Alikaa chini palepale juu ya barafu, kama mtu aliyechoka ghafla. Baadaye aliomba fito. Habiril alimwonyesha jinsi ya kulishika bila kulibana sana. Kijana aling'ata, akatulia, na macho yakampanuka taratibu.

"Inafika mpaka kwenye mbavu," alisema alipolitoa fito menoni.

"Ndiyo," Habiril alimjibu, ingawa hakuwa amesikia, alikuwa amemwona tu uso.

Walikata matawi ya msonobari ukingoni wakayasimika kuvuka njia, na kwenye tawi la katikati Mitere alifunga skafu yake nyekundu, akilalamika kwamba mkewe alimfumia. Gari liliwaka kwa shida, likakohoa, likakubali. Walipanda ukingo wa kulia, wakazunguka kwa njia ya wakata kuni, lori nyuma yao, na ilipofika jioni jua bado linaonekana walikuwa wameingia mjini. Dulus alikuwa amesimama nje kwa wasiwasi. Mitere alimsimulia habari kabla hata hajashuka, akaisimulia tena mezani, na mara ya pili maji yalikuwa yamefika magotini. Siku iliyofuata watu wa barabara walikwenda wakaihamisha njia.

Habiril alimpakata mjukuu wake, akala, akaitika alipotakiwa kuitika. Waliomtazama waliona amekuja na mwili tu.

Siku ya kurudi anga lilikuwa safi na baridi ilikuwa imerudi vizuri. Walipofika kwenye barafu tupu Habiril alizima gari bila kumuuliza mtu, akashuka. Alisikiliza muda mrefu. Alipoinua kichwa alimkuta Ogdo amesimama juu yake.

"Nipe na mimi."

"Wewe unasikia bila fito, bibi. Unausikia hivihivi."

"Nipe," Ogdo alisema. "Nataka kuusikia unavyousikia wewe."

Alipiga magoti. Aling'ata fito palepale lilipokuwa na unyevu wa mumewe, kisha akainua mikono yake miwili yenye glavu, akayaziba masikio yake kwa nguvu. Habiril alilishika fito kwa chini lisiteleze. Mwimbo wa mto ulipita, na wa pili ukaujibu, na mabega ya Ogdo yakaanza kutetemeka. Mitere alikuwa ameegemea mlango wa gari, kofia mkononi, akiwangoja.